Dawa bandia DRC: Mashini peke yake haitoshi, hazina ya dawa halali ijengwe kwanza

Mwezi Disemba 2014, vituo vya afya vya Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, vilianza kupokea wagonjwa waliopinda shingo, ulimi umetoka nje na misuli ya uso imekaza. Wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Waliowapokea walifikiria kwanza homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaoogopwa sana katika eneo hilo. Haikuwa hiyo.

Hadi Agosti 2015, wagonjwa zaidi ya 1,000 walikuwa wameorodheshwa, na 11 walikuwa wamefariki. Uchunguzi ulipofika mwisho, chanzo hakikuwa kijidudu. Kilikuwa kidonge. Vidonge vyenye lebo ya diazepamu, dawa ya kutuliza degedege na wasiwasi, vilikuwa na haloperidoli ndani yake, dawa nzito wanayopewa wagonjwa wa akili. Mtoto akimeza haloperidoli, misuli ya shingo na ya uso inaweza kukaza namna ile ile iliyoonekana Ituri.

Msiba huo ulikuwa na mtego wake. Mzazi anayemwona mtoto akikakamaa anadhani ni degedege. Na dawa ya degedege ambayo kila mtu anaijua ni diazepamu. Kwa hiyo palikuwa na hatari ya mgonjwa kupewa tena kitu kile kile kilichomwangusha.

Ilichukua miezi, na sampuli kupelekwa nje ya nchi, kabla Shirika la Afya Duniani (OMS) halijatoa tahadhari mwezi Julai 2015. Leo kuna vifaa vya kushika mkononi, vinavyotumia betri, ambavyo vinaweza kuonyesha kwa muda wa sekunde chache kwamba kidonge hakifanani na kile kinachodai kuwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba kila linapozungumzwa suala la dawa bandia, mtu husimama na kusema: inunuliwe mashini.

Mashini inunuliwe, ndiyo. Lakini ikinunuliwa peke yake, itaishia kabatini kama nyingine nyingi. Kitu ambacho DRC inakosa zaidi ni hazina ya dawa halali za kulinganishia, na hazina hiyo haiuzwi dukani.

Mwanga usioonekana

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kujua mashini hiyo inafanya nini.

Mwaka 1800, mwanasayansi William Herschel, aliyeishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo cha pembetatu ili kuutenganisha rangi. Aliweka kipimajoto kwenye kila rangi, kisha akakiweka pembeni ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Joto lilipanda. Hapo palikuwa na mwanga ambao binadamu haoni. Ndio unaoitwa infraredi.

Sehemu yake iliyo jirani na mwanga wa kawaida, kati ya nanomita 780 na 2,500, inaitwa infraredi ya karibu. Mwanga huo ukimulikwa kwenye kitu, molekuli zake zinameza sehemu fulani na kurudisha nyingine. Maji yanameza kwa namna yake, sukari kwa namna yake, mafuta kwa namna yake. Kifaa kinapima mwanga uliorudi na kuchora mstari wenye mabonde na vilima. Mstari huo ni kama alama ya kidole ya kitu kilichomulikwa.

Kwa muda mrefu wakemia walidharau mabonde hayo kwa sababu yanapandana na hayasomeki kwa macho. Aliyeonyesha faida yake ni mhandisi Karl Norris, aliyefanya kazi katika idara ya kilimo ya Marekani. Miaka ya 1960 aliyatumia kupima maji yaliyomo kwenye nafaka. Kompyuta zilipozidi kuwa na nguvu, hesabu za kutenganisha mistari iliyopandana zikawa rahisi, na viwanda vya dawa vikaichukua kazi hiyo.

Uzuri wake unaeleweka haraka. Kidonge hakisagwi, hakiyeyushwi, hakihitaji kemikali yoyote. Baada ya kupimwa kinabaki kizima. Mwanga unapita kwenye kioo na kwenye plastiki inayoonyesha ndani, kwa hiyo mara nyingine hata pakiti haifunguliwi. Karatasi ya aluminiamu inaukataa.

Kiwandani inafanya kazi gani

Katika viwanda vikubwa vya dawa, mwanga huu unaanza kazi mlangoni. Kanuni za utengenezaji bora zinadai kwamba malighafi inayoingia ithibitishwe kuwa ndiyo iliyoandikwa. Kama lori limeleta mapipa 200, kupeleka sampuli ya kila pipa maabara kunaweza kuchukua siku nyingi. Kwa infraredi, mfanyakazi anapita na kifaa na kugusisha pipa baada ya pipa.

Kisha inafuata hatua ya kuchanganya. Kidonge cha diazepamu cha miligramu 5 kina diazepamu kidogo mno. Sehemu kubwa ni wanga, sukari ya maziwa na vitu vingine vya kushikilia umbo. Kama mchanganyiko haukukaa sawa, kidonge kimoja kitakuwa na dawa nyingi na kingine hakitakuwa na kitu. Kifaa kikifungwa kwenye pipa la kuchanganyia, kinatazama unga unavyozunguka na kuonyesha wakati ambapo haubadiliki tena. Hatua ya kukausha nayo hufuatwa hivyo hivyo, kwa sababu maji ni kitu ambacho infraredi inakiona vizuri kuliko karibu vyote.

Mwaka 2004, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa mwongozo ulioviomba viwanda vipime ubora wakati kazi inaendelea badala ya kungoja mwisho na kutupa kilichoharibika. Infraredi ya karibu ikawa moja ya nyenzo kuu za mwongozo huo.

Jambo hili linaihusu Congo pia. Nchi inaagiza sehemu kubwa ya dawa zake kutoka nje, lakini haikosi viwanda. Bukavu inajulikana kwa kiwanda cha Pharmakina na kwinini inayotolewa kwenye magome ya mti wa mkwinini. Kinshasa pia ina viwanda vya kutengeneza dawa. Anayetaka dawa ya Congo iaminiwe Bujumbura, Kampala au Lusaka atalazimika siku moja kuonyesha kwamba kila hatua ya kazi inapimwa.

Dawa sokoni

Tatizo kubwa, hata hivyo, haliko kiwandani. Liko njiani, kuanzia mpakani hadi mkononi mwa mgonjwa.

OMS ilikadiria mwaka 2017 kwamba dawa moja kati ya kumi katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni bandia au iko chini ya kiwango. Kwa Congo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu dawa za watoto zilizochukuliwa kwa wauzaji wa jumla wa Kinshasa ulikuta kwamba zaidi ya robo ya sampuli hazikufikia viwango. Ikumbukwe kwamba hao walikuwa wauzaji wa jumla, ambao farmasi ndogo zinakwenda kununua kwao. Sampuli hazikuokotwa kwenye meza za barabarani.

Toka depo, dawa inapanda pikipiki, inavuka mto kwa mtumbwi, inafika kijijini. Huko mama anayeuguliwa hanunui pakiti. Ananunua vidonge vinne au sita, kadiri ya franga alizonazo, vikiwa vimehesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa na kutiwa kwenye kimfuko cha plastiki. Jina la kiwanda limebaki kwenye kopo. Tarehe ya kuharibika imebaki kwenye kopo. Anachokishika mkononi ni kidonge cheupe au cha manjano, na neno la muuzaji.

Mkaguzi mwenye kifaa cha infraredi anaweza kusaidia hapo? Jibu linategemea amebeba nini ndani ya kifaa hicho.

Kifaa hakijui kitu kisichofundishwa

Watu wengi wanadhani mashini hiyo inamulika kidonge na kusema: hii ni diazepamu. Haifanyi hivyo. Inalinganisha. Inachukua mstari wa kidonge kilicho mbele yake na kuuweka kando ya mistari iliyohifadhiwa ya vidonge vinavyojulikana kuwa halali. Ikiwa inafanana, inakubali. Ikiwa haifanani, inakataa.

Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kidonge ni wanga na sukari, mistari ya diazepamu ya viwanda viwili tofauti inaweza kutofautiana ingawa vyote viwili ni halali. Kwa hiyo mstari mmoja wa diazepamu hautoshi. Inahitajika wa kila kiwanda kinachouza Congo. Tena inahitajika kutoka loti mbalimbali, yaani mafungu yaliyotengenezwa kwa nyakati tofauti, kwa sababu hata kiwanda kimoja hakitoi vidonge vinavyolingana kabisa siku zote. Inahitajika pia mistari ya vidonge vilivyokaa katika joto na unyevu wa Kisangani au Mbandaka, kwa sababu kidonge kilichovuta maji kinabadilisha mstari wake hata kama hakijaharibika.

Bila hayo, kifaa kinakosea pande zote mbili. Kinaweza kumwaibisha mfamasia mwaminifu kwa kukataa dawa nzuri ambayo hakijawahi kuiona. Au, ikiwa kimelegezwa ili kisisumbue watu, kinapitisha sumu.

Hayo si mashaka ya wanaopinga maendeleo. Vifaa vya mkononi vimejaribiwa na watafiti, vikiwemo vilivyopimwa huko Laos, na matokeo yake yaliyochapishwa miaka michache iliyopita ni wazi: vifaa vya mwanga hutambua vizuri dawa isiyo na kiambata hai, yaani kile kitu chenyewe kinachotibu, au yenye kiambata kisicho chake. Vinapata shida pale kiambata kipo lakini kimepunguzwa nusu au moja ya tano. Nchini Nigeria, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 ulilinganisha kifaa kimoja cha infraredi na vipimo vya maabara, na kifaa hicho kilishindwa kuona sehemu kubwa ya dawa ambazo maabara ilizikuta mbovu.

Kwa ugonjwa kama malaria, dawa iliyopunguzwa ni hatari ya aina yake. Haiui mgonjwa siku hiyo hiyo. Inaua vimelea dhaifu na kuacha vile vyenye nguvu vizaane. Nchi jirani za Rwanda na Uganda tayari zimethibitisha vimelea vinavyoanza kustahimili artemisinini, na mbu haonyeshi pasipoti mpakani.

Kuna mipaka mingine. Sindano na sirapu zimejaa maji, na maji yanameza mwanga huu hadi yanaficha kilichomo ndani yake. Kwa hiyo chupa na ampuli nyingi zitaendelea kuhitaji njia nyingine. Tena hakuna hakimu anayepaswa kumfunga mtu kwa neno la kifaa cha mkononi. Kinachokataliwa na kifaa lazima kiende maabara, kwenye mashini ya kromatografia, inayotenganisha kila kitu kilichomo na kupima kiasi chake. Hiyo inahitaji umeme usiokatika, kemikali safi na mtu aliyesoma.

Kilicho mkononi mwa serikali

Pamoja na hayo yote, kisa cha Ituri kinabaki kuwa aina ya udanganyifu ambao kifaa kama hiki kinauweza zaidi: kidonge chenye kitu kingine kabisa ndani yake. Kama kopo moja la vidonge hivyo lingemulikwa depo, na kama kifaa kingekuwa na mstari wa diazepamu halali ya kiwanda kilichotajwa kwenye lebo, swali lingeulizwa siku ile ile. Pengine jibu kamili lingechukua wiki. Lakini mauzo yangesimamishwa huku jibu likingojewa. Kwa mzazi wa Ituri, hiyo ndiyo tofauti yote.

Sharti ni hiyo «kama» ya pili, na hapo ndipo serikali ina nguvu ambayo haihitaji mfadhili.

Tangu 2020, DRC ina mamlaka ya udhibiti wa dawa, ACOREP. Hakuna dawa inayopaswa kuuzwa nchini bila kibali chake, kile kinachojulikana kwa jina la AMM. Basi iandikwe katika masharti ya kibali hicho: kila mwagizaji na kila kiwanda kinacholeta dawa kwenye orodha ya dawa muhimu kilete vidonge halali vya loti kadhaa, vimulikwe, na mistari yake iingizwe katika hazina ya taifa. Loti mpya zikibadilika sana, alete tena. Asiyeleta, asipewe kibali. Mwagizaji atapoteza vidonge vichache tu, na nchi itapata kipimo cha kudumu.

Hazina hiyo isianze na dawa zote. Ianze na zile ambazo kosa lake linaua au linaenea: dawa za malaria, viuavijasumu vya kawaida, dawa za degedege. Dawa ishirini zilizofanyiwa kazi vizuri ni bora kuliko mia tano zilizomulikwa ovyo ili kumfurahisha waziri siku ya uzinduzi.

Mashini zenyewe zipelekwe mahali ambapo dawa bado iko ndani ya katoni na jina la kiwanda linasomeka: Matadi, Kasumbalesa, Kasindi, Aru, Mahagi, na kwenye depo za wauzaji wa jumla. Kuzisambaza vijijini ili zimulike vidonge vilivyokwisha kutolewa kwenye kopo ni kutupa pesa, kwa sababu hapo mkaguzi hajui alinganishe na kiwanda gani. Kinachofaa kule ni sheria rahisi zaidi: anayeuza kwa rejareja aandike jina la kiwanda na namba ya loti kwenye kimfuko. Kalamu ni rahisi kuliko infraredi.

Utaalamu nao hautaanza na sifuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, wamekuwa wakishirikiana kwa miaka na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kinshasa katika uchunguzi wa dawa bandia, na mwaka 2019 watafiti wa kundi hilo walichapisha kazi inayolinganisha vifaa vya mkononi vya infraredi na vile vya Raman, teknolojia nyingine ya mwanga. Wakongomani wanaoijua kazi hii wapo. Swali ni kama watapewa maabara, mishahara inayofika kwa wakati, na sababu ya kutokwenda kuishi ng'ambo.

Pesa na vita

Kuna watakaosema kwamba nchi yenye vita mashariki na hospitali zisizo na vitanda haina nafasi ya kufikiria mwanga usioonekana. Hoja hiyo ina uzito. Vifaa vya mkononi vinauzwa kuanzia dola elfu kadhaa hadi makumi ya maelfu, na programu zake mara nyingi hulipiwa kila mwaka.

Lakini hesabu ihesabiwe yote. Wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Ituri walilazwa, walipimwa, walipewa dawa za ugonjwa ambao hawakuwa nao. Wauguzi walitumia usiku na mchana wakitafuta kijidudu kisichokuwepo. Hakuna aliyeandika gharama hiyo kwenye bajeti ya taifa, kwa kuwa iliyalipwa na maskini mmoja mmoja.

Vita navyo vinaongeza haja, havipunguzi. Njia zikifungwa, depo halali zinakosa mali na wachuuzi wa magendo wanajaza pengo. Ofisa aliyebaki kwenye forodha bila maabara jirani ndiye anayehitaji zaidi kifaa cha betri, alimradi kifaa hicho kimejazwa mistari ya kweli.

Wengine watauliza kama rushwa haitaila mashini hiyo pia. Inaweza. Ofisa anaweza kuizima na kupokea bahasha. Ndiyo maana matokeo ya kila kipimo yanapaswa kuhifadhiwa na kutumwa Kinshasa yenyewe, pamoja na saa na mahali, ili depo inayopitishiwa mizigo bila kumulikwa ionekane kwa ukimya wake.

Zaidi ya miaka kumi imepita tangu watoto wa Ituri wapindwe shingo na kidonge chenye jina la uongo. Kidonge kingine kama hicho kinaweza kuwa kwenye lori sasa hivi, kikielekea Bunia, Kindu au Kananga. Kopo lake litakuwa na lebo nzuri na tarehe ya mbali. Siku litakapofika mpakani, ofisa atahitaji kitu cha kulilinganisha nalo. Kitu hicho kinaweza kuanza kukusanywa wiki hii, kwa barua moja ya ACOREP kwa waagizaji wote wa dawa.